Ng'ambo ya Brynica

Mto wenyewe si mto. Ni mfereji
uliobahatika kupewa jina.
Kiangazi, mbwa wa jirani yetu Hubert
huuvuka bila kulowesha tumbo.

Nilizaliwa ukingo wa mashariki, Sosnowiec,
hatua mia nne na kumi na mbili toka darajani.
Nilizihesabu siku ya kuolewa,
nimekumbatia cherehani ya mama,
kichwa chake cha chuma kikinigonga kidevu.

Zamani ukingo huu ulikuwa wa mfalme wa Warusi,
ule wa mfalme wa Waprusi.
Sidhani kama yupo kati yao aliyepata kunawa hata mikono hapa.
Wamekufa, na waliowarithi wamekufa.
Vibanda vya forodha vikabomolewa,
matofali yake watu wakajengea mabanda ya sungura.
Ramani imechorwa, ikafutwa, ikachorwa.
Leo mkoa ni mmoja, tramu ni moja,
na tiketi niliyokata upande wetu
haigeuki karatasi tupu katikati ya daraja.

Lakini mama mkwe, Hildegarda,
aliponiona mlangoni na cherehani yangu
alimwuliza mwanawe, si mimi:
"Huyu ni wa ng'ambo?"
Ng'ambo! Kama nimeshuka melini kutoka Brazili.

Viazi wana jina lao, sisi tuna letu.
Sokoni nikataja letu.
Muuzaji akanipimia kilo mbili;
jicho lake lilikwisha kunipima kabla ya mizani.

Miaka kumi na minne nilipika kabichi yake nyekundu,
siki kwa kijiko chake, mafuta ya nguruwe kwa kisu chake,
na kila Jumapili alionja, akafuta mdomo:
"Karibu."
Hakunikaribisha. Alimaanisha
karibu iwe yenyewe.

Usiniambie ndege hawajui mipaka.
Aliyesema hivyo hajafuga njiwa.
Baba mkwe, Alojz, alimwuzia kaka yangu dume wa kijivu,
shingo yake kama mafuta yaliyomwagika dimbwini.
Bogumił akamfungia siku arobaini,
akamlisha dengu, akamwoza jike mweupe.
Siku ya arobaini na moja akamfungulia.
Dume akazunguka bomba la mgodi lisilotoa moshi tena,
mara moja, mara ya pili,
kisha akavuka.
Jioni kaka akaja na kapu tupu, amenuna.
Alojz hakucheka. Alihesabu fedha, akamrudishia,
akasema mkataa kwao ni mtumwa.

Jike mweupe alibaki kule na mayai mawili.
Habari zake hakuna aliyeuliza.

Mwaka jana Hildegarda alivunjika nyonga.
Ambulensi haikuuliza asili; ilimpeleka penye kitanda,
na kitanda kilipatikana Sosnowiec,
hospitali niliyozaliwa mimi.
Alilala uso kautupa dirisha la magharibi,
ingawa lilitazama maegesho ya magari tu.
Muuguzi akaleta sahani. "Bibi, kula viazi,"
akavitaja kwa jina letu,
jina la mama yangu, la jiko la utoto wangu,
la masizi kwenye sufuria.
Kikongwe akafumba mdomo.
Kisha akaninyoshea kidole:
"Muulize binti yangu huyo.
Atakwambia vinaitwaje kwetu."

Nikalitaja. Lilitoka lenyewe,
na lafudhi yake yote.
Muuguzi akasimama, sahani mkononi,
akanipima toka kichwani hadi viatuni.

"Kumbe," alisema, "nawe pia
ni wa ng'ambo?"