Ncha ya Waya

Kariobangi, nyuma ya kiwanda cha magodoro,
saa moja na nusu, kabla lori la vyuma halijaziba njia,
natandika gunia, napanga vyombo:
plaizi, patasi, tupa iliyochakaa upande mmoja,
kipande cha reli nilichouziwa na mtu
ambaye sikumuuliza amekitoa wapi.

Baiskeli ya Ombati imelala miguu juu.
Hubeba mayai kutoka Njiru, trei ishirini,
na breki ya nyuma ilikatika jana kwenye mteremko wa daraja,
akasimama kwa soli ya kiatu.
"Hakuna hata moja lililovunjika," anasema,
kana kwamba mayai ndiyo yaliyokuwa hatarini.

Mueni, njoo. Leo unakata wewe.
Usipime kwa jicho. Jicho lina haraka ya chai.
Geuza usukani kushoto mpaka ukome,
geuza kulia mpaka ukome,
ndipo ujue ala inataka urefu gani.
Ikiwa fupi, itashika breki yenyewe kwenye kona;
ikiwa ndefu, italegea kama ahadi ya mwenye ploti.

Kata. Sasa tazama mdomo wake,
umefumba kama wa mtu aliyeulizwa deni.
Ingiza msumari, zungusha taratibu mpaka ufunguke,
kisha piga tupa
mpaka ala isimame wima juu ya kucha yako.

Waya wenyewe usiuguse bado.
Nyuzi kumi na tisa; nilizihesabu siku ya mvua, siku isiyo na wateja.
Watu husema umoja ni nguvu.
Hizi hazijasikia methali hiyo.
Zimeshikana kwa kuwa zimesokotwa, basi,
na ukizikata kwa plaizi butu
kila mmoja unashika njia yake
kama watu wa mazishi baada ya chakula.

Kwa hiyo lehemu kwanza.
Chuma kitoke kwenye makaa, paka dawa, gusa:
risasi itajipenyeza yenyewe kati ya nyuzi.
Ngoja ing'ae. Ngoja ififie.
Laza juu ya reli, patasi katikati ya palipoganda,
pigo moja.
La pili ni la kujisahihisha,
na waya ukishakatwa haurefuki.

Mimi sikufundishwa hivi.
Nzioki alikata, akakunja ncha, akasema, "Nenda."
Nami nilikata hivyo miaka mitatu
mpaka mama mmoja wa Korogocho aliporudi na mtoto.
Hakupiga kelele. Alishusha soksi ya mtoto
akanionyesha tone la damu juu ya kifundo,
dogo, jekundu, kama nukta ya mwalimu.
Uzi mmoja tu, mwembamba kuliko unywele,
ulikuwa umechomoza kwenye breki niliyolipwa mia na hamsini.
"Hii ni kazi yako?"
Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu.
Nilitaka kusema ni ya Nzioki.
Nikasema ndiyo.

Tangu hapo wananiita Mama Polepole.
Wenye haraka huvuka mtaro kwenda kwa Wekesa,
dakika tano, wamekwisha. Siwalaumu;
njaa nayo ina saa yake.

Waya wa gia ni mwembamba zaidi, huo tutaufanya mchana.
Nimeuwekea kofia:
kile kinywa cha shaba cha kalamu iliyoisha wino.
Ninazo nyingi kwenye kopo, naziokota nje ya shule.

Mueni amepiga.
Pigo moja na nusu.
Ile nusu nimeisikia, nimenyamaza.
Pitisha kidole gumba kwenye ncha, namwambia, bila woga.
Anapitisha. Haichomi.

Kisha sumaku ya spika iliyokufa, juu ya vumbi lote,
mpaka vipande virukie na kusimama kama ndevu.
Watoto wa hapa hupita bila viatu.

Ombati anabana breki, gurudumu linaganda.
Anabana tena, kwa raha tu.
Ananipa mia, anatafuta hamsini, haipo,
ananipa mayai mawili.
Moja lina ufa.