Ubani Umekataa Kupanda

Januari, Saiq, saa tatu za usiku.
Makomamanga yamevua kila jani
na mfereji wa falaji umefanya ngozi ya barafu
nyembamba kama ya maziwa yaliyopoa.
Nimepanda kutoka Nizwa na gari ya kazi,
ngazi juu, mabomba nyuma yakigongana,
kwa kuwa Muhanna alinipigia akasema:
Bibi haamki vizuri.

Si kuumwa, alisema. Ni uzito.
Kichwa cha asubuhi, kinachopona akitoka uani,
kinachorudi mlango ukifungwa.
Mtoto naye kalala toka alasiri, mashavu mekundu;
watu wakamsifia afya.
Daktari kasema mafua. Jirani kasema jicho.
Bi Ghaniya mwenyewe, mzaliwa wa Wete,
kasema labda ni hii baridi tu, mwanangu,
mie sijaizoea, mwaka wa hamsini huu.

Sikujibu. Nilifungua madirisha.
Wakanung'unika. Nikafungua na mlango,
nikazima hita, nikawatoa wote uani
na mablanketi yao, mtoto begani kwangu,
mpaka akalia. Nikashukuru kile kilio.

Vioo vilikuwa vinatoka jasho.
Juu ya hita ukuta una ulimi wa masizi.

Kisha nikaomba chetezo.
Bi Ghaniya akanitazama: hata wewe, fundi,
unatafuta mashetani?
Natafuta njia ya moshi, bibi.
Nikawasha hita, peke yangu ndani, dakika chache:
mwali wa njano, mrefu, mvivu,
ungepaswa kuwa buluu na mfupi.
Nikakiweka chetezo pale bomba linapoanzia.
Moshi wa ubani ulisimama,
ukafikiri,
ukanijia ndevuni.

Gesi ya mtungi imetiwa harufu makusudi;
ikivuja, pua inapiga kelele.
Lakini hii nyingine, izaliwayo na mwali wenyewe
moto ukikosa pumzi,
haina rangi, haina harufu,
haina hata adabu ya kubisha hodi.

Juu ya paa nyota zilikuwa karibu mno.
Dohani fupi, chini ya ukuta wa paa,
upepo ukiruka ukuta unaisukumia kofi.
Nikaingiza mkono. Nguo.
Nikavuta, ikaja mita baada ya mita,
kanga nyeusi na nyekundu, pindo limeungua,
na kwa tochi maandishi bado yanasomeka:
YA CHUMBANI HAYAFIKI BARAZANI.

Muhanna chini, shingo ameiinua:
Upepo ulikuwa unashuka humo, fundi.
Miguu yake ilikuwa barafu. Niliziba kwa huruma.

Najua. Nyumba nyingi nilizozifungulia
zilizibwa na mtu mwenye huruma.

Dohani, Muhanna, si tundu la baridi, ni koo.
Ipande, isilale; kila kiwiko unachoiongezea
kinaupunguzia moshi hamu ya kwenda.
Iupite ukuta wa paa, ivae kofia yake,
viungo vibane, pasipenye hata wembe.
Na chini ukutani acha tundu uliache wazi,
usilitie gazeti, usilitie soksi,
maana kisichovuta hakitoi.
Na ununue ile kengele ya sumu. Leo, si Eid.

Walilala kwa shemeji. Kesho yake nikaunganisha
mita moja na nusu ya bomba jipya,
vidole havina habari na spana.
Chetezo tena. Ubani ukainama kidogo,
ukaingia, haukuaga.

Bi Ghaniya aliidai kanga yake.
Akainusa, akaikunja na masizi yake yote:
Nilishuka nayo Maskati, hii.
Halafu akataka punguzo. Akapata.
Akataka risiti.

Nikiondoka niligeuka mara moja:
juu ya paa pumzi nyeupe, ndogo,
kama ya mtu anayesema peke yake kwenye baridi.
Mteremkoni nikashusha kioo cha gari,
baridi yote ile.