Umejuaje?

Chumba kiko Tudor, ghorofa ya tatu,
pangaboi moja linazunguka, la pili limesusa,
na kunguru dirishani wanasoma bila karo.
Tulikuwa tisa, Jumanne jioni,
mimi nikitoka bandarini na wino vidoleni
wa mihuri ya mizigo ya watu.

Profesa Ngumbao hakuwa mtu mbaya, niseme hilo kwanza.
Alimlipia Mwachofi karo ya muhula mzima, kimyakimya.
Ila darasani alikuwa mlango wenye komeo upande wake.
Aliweka simu mezani, akavua saa, akaiweka kando ya simu:
"Haya, nani anawasilisha?"
Na mwenye zamu akawasilisha, slaidi juu ya slaidi,
sisi wengine tukihesabu feri kichwani:
ya saa moja imekwenda, ya saa moja na robo inapakia.
Mwisho akatamka neno moja: "Nadharia?"
Tukatoka mbio kutafuta nadharia,
wiki ya pili tukarudi tumejitanda
kama leso zisizofuliwa, bado zina wanga wa dukani,
hazijui bega la mtu.

Siku moja Sidi akasema, "Profesa, hapo sijaelewa."
Akacheka. Si sana. Kiasi cha kutosha.
"Uzamili si chekechea, binti."
Tangu hapo Sidi aliandika tarehe juu ya ukurasa
na chini yake hakuandika kitu.
Niliona. Nilikaa naye ubavu kwa ubavu.
Nikatazama kunguru.

Muhula wa pili akaja Daktari Tima,
kachelewa, na viazi karai ndani ya gazeti,
akatugawia ukurasa mmoja tu, nakala yenye kivuli:
barua ya karani wa forodha wa zamani, mistari kumi na miwili.
"Huyu anamwogopa nani?"

Kimya.

Hakutuokoa. Akala kiazi.
Adhana ya magharibi ikaanza, ikaisha,
kimya kikawa kizito kama kontena lisilo na mwenyewe,
ndipo Sidi, kwa sauti yenye kutu:
"Kaandika 'mtumishi wako mtiifu' mara tatu.
Ya tatu, wino umemwagika."
"Umejuaje kama ni hofu?"
Neno hilohilo kwa Ngumbao lingekuwa rungu.
Kwake lilikuwa kiti kilichovutwa: kaa, tueleze.

Nikadakia, mimi wa mihuri: hamwogopi bosi,
aogopa hesabu. Kuna magunia yamepungua.
"Miaka saba nafundisha barua hii," akasema, "hilo sijaliona,"
akaliandika pambizoni kwa penseli, na jina langu.

Hakuwa malaika. Insha yangu ilirudi na maneno mawili,
"Hapa umejificha,"
nikalia chooni, nikamchukia hadi Ijumaa ya pili,
kisha nikaiandika upya, maana kweli nilijificha.

Sasa wamenipa Jumanne yangu, chumba kilekile.
Jana Chengo kauliza jambo nisilolijua.
Niliuona mkono wangu ukivua saa.
Maneno yalishafika ulimini: "Uzamili si..."
Nikayameza. Nikasema, "Sijui."
Wakanitazama kama watu waliolipa karo.
Pangaboi likalia. Hakuna aliyesema kitu,
nami sikuwa na kiazi cha kula.
Chengo akafungua ukurasa, akaanza kusoma upya, polepole,
kidole chini ya mstari,
na feri ya saa moja ikaenda.