Ganda la Lozi

Ganda la lozi liliingia kiatuni Jumanne asubuhi
na mama akatembea nalo kutwa
kati ya miti, hadi jua likazama ng'ambo ya mto Tua.
Hakulihisi.
Kisukari kilikuwa kimeshazima taa za nyayo zake
mojamoja, kwa miaka kumi na tisa,
kama mlinzi wa shule afungaye madarasa.

Alipovua soksi akaona damu.
"Graça, njoo uone," alisema, "mguu wa mtu mwingine."
Akacheka, akamwagia brandi, akafunga kitambaa.
Yalibaki magunia manne ya kumenya.

Siku ya sita akaanza kutetemeka,
na Septemba huku Mirandela ni tanuri bado.
Meno yaligongana hata nikamshika taya.
Akalalamikia bega, kisha mgongo, kisha
akaniita kwa jina la dada yake aliyefia Ufaransa.

Hospitalini walimtoa damu, chupa mbili mkono huu, mbili ule,
wakaziweka penye vuguvugu
kama mtu anayeatamisha mayai
huku akiomba yasianguliwe.
Yakaanguliwa, kwa saa kumi na moja tu.

Daktari Quitério, kijana, wino umemvujia mfukoni,
alipigia maabara simu mbele yangu:
"Mna hakika? Ana miaka sabini na mitatu.
Hiki si kijidudu cha watoto wachanga?"
Nikasikia sauti ya mwanamke aliyechoka:
"Daktari, hakisomi vyeti vya kuzaliwa."

Basi akatuchorea nyuma ya fomu
vidoa vimeshikana, ushanga wa maskini.
Streptokoka, alisema, kundi B.
Wengi tunacho, matumboni, penye njia ya uzazi,
mpangaji asiye na kelele, halipi, hadaiwi.
Wakunga hukisaka kwa wajawazito
maana mtoto akipita mlangoni huweza kutoka nacho.
Lakini mzee, mwenye sukari, mwenye ini bovu,
akipasuka ufa mdogo tu,
kinaingia damuni, na damuni kinachagua chumba:
goti, pingili ya uti, vali ya moyo.

Mama alikuwa amefumba macho.
"Rudia," alisema. "Hapo pa watoto."

Amadeu. Juni ya sabini na tatu.
Sikuwahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu.
Aliishi saa thelathini na moja.
Aliguna kila pumzi, akalikataa ziwa,
akageuka rangi ya jivu la jana.
Padri alisema ni mapenzi ya Mungu.
Bibi, mama yake baba, alisema ni tini:
mkwe alikula tini za mapema, usiku, mbichi, peke yake,
akamtilia mtoto baridi.

Ndiyo maana mtini wetu haukuchumwa.
Utoto wangu wote tini zilijiangukia
nyigu wakalewa, nami nikadhani
mama hapendi utamu.

"Ndicho hicho?" aliuliza.
Daktari akaitazama kalamu yake.
"Siwezi kusema, Dona Etelvina. Miaka hamsini.
Hakuna aliyeweka chupa ya damu yake."
Kisha, polepole: "Inawezekana.
Tini, haiwezekani."

Penisilini ilidondoka wiki sita.
Vidole viwili vya mguu vilibaki kule, sijui wapi,
sikuuliza. Bega halipandi tena kufikia kabati la juu.
Mama hakulia. Usiku mmoja tu nilimsikia
akimwambia mtu aliye gizani,
bila hasira, kama anayesahihisha hesabu:
"Hazikuwa hata mbivu vizuri."

Sasa kila asubuhi anapindua kiatu,
anakigonga kizingitini mara tatu,
halafu anatia mkono hadi ncha
na kupapasa, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika,
kwa vidole ambavyo bado vinahisi.