Somo la Kidumu

Mwanasesere wetu hakuletwa na ndege.
Kifua chake ni kidumu cha mawese, lita tano,
ngozi ni sponji ya godoro lililochoka,
kichwa ni matambara tuliyoyafunga kwa plasta.
Tulimwita Cubaka. Sikumbuki nani alianza.

Daktari Mushagalusa alimlaza sakafuni, si kitandani:
kitanda hunesa, hukulia nguvu zako zote.
"Sentimita tano," akasema. "Viwiko vinyooke.
Kaeni juu yake kama mnaofunga sanduku lililojaa kupita kiasi."

Mwamini, anayepiga deki wodi ya wazazi, akacheka:
"Kumbe ni kutwanga sombe!"
Ndiyo, Mwamini. Ila kiganja kisipae kama mchi.
Kibaki pale pale, kikiache kifua kijiinue chenyewe,
maana moyo hunywa unapoachiwa.
Thelathini, kisha pumzi mbili.
Kidevu juu, kama mtu anayenusa mvua ikitoka upande wa ziwa.

Tulijifunza kwa sababu ya Januari.
Januari sitaieleza.
Alikuwa mama wa watoto wanne,
na sisi tulikuwa watatu, tukitafuta funguo za kabati.

Alhamisi, saa tano usiku, umeme ulirudi Kadutu
bila kupiga hodi.
Mlima mzima ukashangilia, kama kawaida.
Fundi Bisimwa alikuwa ameshika waya.

Pikipiki ilimleta amebanwa kati ya dereva na shemeji yake,
miguu ikiburuta tope, kiatu kimoja.
Akakoroma. Kimya. Akakoroma tena.
"Anapumua!" shemeji akalia.
Hapana, ndugu yangu. Hiyo si pumzi.
Hiyo ni mlango unaogongwa na upepo
wenye nyumba wakiwa wamehama.
Vidole shingoni, sekunde kumi,
ndefu kuliko ngazi za kushukia sokoni.
Hakuna kitu.
Sakafuni. Moja, mbili, tatu.

Nilisikia ubavu ukilia kama ukuni mkavu
na sikusimama.
Mwamini, mikono bado ina harufu ya sabuni,
alikaza barakoa usoni, akakamua puto la pumzi
taratibu, kifua kiinuke tu, basi.
Dakika ya pili mikono yangu ilianza kudanganya:
ilibonyeza ngozi, haikufika moyoni.
Na wa kunipokea nani? Muuguzi mwenzangu
alikuwa amesindikiza mgonjwa Panzi.

Ndipo sentinele Cirhuza akaegemeza rungu ukutani,
akapiga magoti.
"Toka," akaniambia. Hakusema samahani.
Kiganja mahali pake, viwiko vimenyooka,
moja, mbili, kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia.
Siku zote tatu za somo alisimama nje ya dirisha;
tulidhani anajikinga mvua.

Sijui ulikuwa mzunguko wa ngapi. Wa nane?
Tulikuwa tumebadilishana mara nyingi, mimi na yeye,
jasho lake likidondoka juu ya vidole vyangu.
Bisimwa akakohoa.
Kikohozi kibaya, chenye matapishi, kizuri kuliko vyote.
Tukamgeuza ubavu. Vidole shingoni: kuna mtu humo.
Mwamini akakaa chini palepale,
ndani ya maji ya deki yake mwenyewe, akanyamaza.

Baada ya wiki tatu fundi alikuja akijishika kifua.
"Nani alinivunja huku?"
Mimi, nikasema.
Cirhuza akapinga: "Ni mimi. Niliusikia."
Tukabishania ubavu ule kama watoto wanaogombea muwa.

Ametuchomelea mlango wa stoo ya dawa, bila malipo.
Umepinda. Haufungiki vizuri.
Hakuna aliyelalamika:
tangu Januari hatupendi funguo.