Chenga

Runinga yenyewe ndogo, sawa na daftari la hesabu,
antena yake ya kuvuta imevunjika shingo,
tumeifunga kwa plasta kwenye chuma cha dripu
kati ya kitanda cha baba na kile cha Makwaia.

Nesi Tumwesige aliona, akapita. Kisha akarudi.
"Sauti chini. Na mkishinda, msinililie hapa."
Ni wa upande gani, wodi nzima inajua.
Akasimama palepale, anajifanya anasoma faili.

Baba haoni vizuri siku hizi, lakini anasikia.
Miaka thelathini Kariakoo, mtaa wa Swahili,
akifungua migongo ya televisheni za chogo,
akipuliza vumbi, akinusa moshi, akimwambia mwenye mali:
"Hii haijafa. Hii inaumwa."

Zamani, ananiambia, picha iliugua kwanza.
Zilianza chenga, kama mchele uliomwagwa gizani.
Mtangazaji akaota kivuli, akawa wawili,
sauti ikakwaruza, ukaigonga ubavuni, ikarudi,
mtoto akapanda juu ya bati kuzungusha antena
na nyumba nzima ikimpigia kelele:
hapo! hapo! umepitiliza, rudi kidogo!
Ulipata muda wa kuizoea.
"Hii ya kwenu," anasema,
kidole chake kinaelekea pembeni kidogo ya kioo,
"ipo, au haipo."

Na kweli. Gari la wagonjwa likipita dirishani
winga anakatika vipande vya mraba,
mguu huku, jezi kule, mpira hauna mwenyewe,
kisha bluu tupu na maandishi: hakuna mawimbi.
Naichomoa antena. Makwaia anasema kushoto.
Nasogea mpaka mlangoni, mkono juu,
mlingoti wa wodi namba nne.
"Hapo!" anasema baba, ambaye haoni.

Dakika ya themanini na moja, Mwananyamala ikalipuka.
Nje honi za bodaboda, sufuria zinagongwa,
mtu anakimbia na fulana mkononi.
Ndani, kwenye kioo chetu,
beki bado anaufuta mpira jasho aurushe.
Digitali huchelewa. Redio ya mlinzi pale getini
imeshamaliza kusema,
sisi tunangojea jambo lililokwisha kutokea.

Nikawatazama wale ishirini na wawili,
wanavyokimbia, wanavyogombana na refa,
hakuna anayejua.

Jumanne ile daktari alipotoka na karatasi
sikuhitaji afungue kinywa.
Nikageuka kwenye korido: baba yuko kwenye benchi
anamenya chungwa kwa kisu cha kuazima,
analizungusha polepole, ganda refu, halikatiki,
na mimi nimeshasikia kelele za mtaa mzima.
Nikamwacha amalize kumenya.

Bao likafika. Makwaia aling'ata shuka.
Nesi akaondoka haraka, mabega yanamtikisika,
faili ameliacha kitandani kwa mtu asiye wake.
"Nani?" akauliza baba.
Nikamsimulia: mpira wa kurusha, krosi, kichwa, nyavu.
Nikaongeza na chenga mbili ambazo hazikuwepo.
Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
kirefu, chenye mkwaruzo, hakitaki kuisha,
nikamgonga ubavuni kwa kiganja
kama alivyonifundisha dukani, si kwa nguvu, kwa mahali,
mpaka sauti ikarudi.

Tukabaki tunapumua.
Betri imebaki mstari mmoja, mwekundu.
Makwaia akauliza kama chaja nimekuja nayo.