Kinaitwaje?

Jumatatu mashine ilikohoa mara moja.
Puli ikazunguka peke yake kama mwenye wazimu,
shafti imelala.
Debe la Mama Nzwala lilikuwa tayari kinywani mwa kinu;
haikushuka hata punje.
Kilichochomoka kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa dole gumba.
Nilikiona kikirukia kwenye pumba,
na kwenye pumba walikuwamo kuku.

Nikaenda mjini mikono mitupu.
"Mwangaluka, Kashindye. Nataka kile kidude
kinachokaa kati ya puli na shafti."
"Kinaitwaje?"
"Kidude."
"Dada, duka hili zima ni vidude."
Akanitolea washa. Akanitolea pini, kotapini,
bushi ya shaba, beringi ndani ya karatasi yake ya mafuta,
akanitolea na pole.
Kila kimoja kimetulia ndani ya jina lake.
Changu tu ndicho hakina cheti cha kuzaliwa.

Jumanne nikapiga simu Mwanza. Kijana wa huko akataka namba.
Kitabu cha mashine ninacho, kimeandikwa Kichina,
na penye mchoro wa shafti
mende walikwisha kula chakula chao cha jioni.
Usiku mume wangu akasema, "Waambie tu, kile cha kuzuia."
Cha kuzuia nini?
"Kuzuia... isizunguke bila kuzunguka."
Nikamwambia lala.

Alfajiri ya Jumatano nikachukua tonge la ugali wa jana,
gumu kama sabuni ya mche,
nikalibonyeza kwenye kijishimo cha shafti
nikalitoa taratibu, kwa vidole vya mkunga.
Umbo likaja nalo: juu bapa, chini mviringo.
Nikalifunga kwenye kitambaa, nikavuka reli
hadi karakana iliyo nyuma ya stesheni
ambako Mihayo, binti wa juzi tu,
anasimamia mashine ya kerezo, nywele kazifunga kwa mpira wa baiskeli.
Akaligeuza tonge. Akalinusa.
"Umesahau mlenda," akasema.
Kisha, macho yameshazirudia cheche zake:
"Kii. Kii ya nusu mwezi."

Nusu mwezi.
Mimi, mjukuu wa Wanyamwezi pande zote mbili,
niliyesaga hapa Ng'ambo miaka kumi na mmoja,
na mwezi ulikuwa humo muda wote, gizani, kwenye grisi,
umeyabeba magunia ya mtaa mzima
kwa tumbo lake la mviringo,
nami sikuwahi kuuita.

Kashindye alikuwa nazo kopo zima, chini ya kaunta.
"Si ungesema!"
Ningesema nini?
Shilingi elfu moja na mia tano. Siku tatu sikuzihesabu.

Alhamisi tulisaga hadi saa nne usiku,
unga hadi kwenye kope.

Sikukuu ilipofika tukamchinja yule jogoo mwekundu,
mwizi wa pumba.
Nilipopasua firigisi, kati ya changarawe,
kipande cha chuma, kimelika pembe,
kimeng'aa kuliko siku kilipotoka kiwandani.
Mwanangu akachungulia beseni.
"Mama, hiki kidude ni nini?"

Nikanawa mikono kwanza.